Mstari wa Katikati

Watu wakiiona Land Rover Defender ya zamani ikipanda mlima bila dereva kugusa klachi, husifu injini. Injini ina haki ya sifa zake, lakini kazi ngumu kuliko zote katika gari la namna hiyo haionekani hata ukilala chini yake na tochi. Imejificha kati ya giaboksi na transfa (sanduku la gia linalogawa nguvu mbele na nyuma), ndani ya kipande kinene cha aluminiamu chenye shafti fupi isiyofika shibiri moja. Kuna mtu aliyekichora kipande hicho, akakikereza, akakipima na kurudia kukipima, na kama amekimaliza vizuri hakuna atakayejua kwamba kipo. Naamini huu ni miongoni mwa ufundi safi kabisa wa mikono unaofanyika leo katika miji yetu, na hausifiwi kadiri unavyostahili.

Mfano ninaoutoa ni wa Durban. Umgeni Road huanzia katikati ya jiji, ikapita kituo kikuu cha reli na kuelekea kaskazini hadi mtoni, na kando yake biashara ya magari na spea ni ya siku nyingi. Upande wa bandari, katika eneo la Point, ndiko meli za kubeba magari hufunga gati. Toyota mpya zinazotengenezwa Prospecton, kusini mwa jiji, hupakiwa hapo kwenda ng'ambo, na magari yaliyotumika kutoka Japani hushushwa hapo. Sheria ya Afrika Kusini inazuia mengi ya magari hayo yasibaki nchini, hivyo hupita tu kwenda Zambia, Malawi, Zimbabwe na Congo. Wanunuzi wa Lubumbashi huja na Kiswahili chao, Watanzania wa Point wana chao, na katika gereji za mitaa ya nyuma lugha hiyo hukaa pamoja na Kizulu bila ugomvi. Tena bandari inahitaji wakerezaji wa kukarabati meli kule Bayhead, kwa hiyo mtu anayetaka shafti ikatwe kwa usahihi wa sehemu moja ya mia ya milimita hahitaji kusafiri mbali.

Fundi ninayemzungumzia alizaliwa Lubumbashi, na msaidizi wake ni kijana wa Tanga. Gari lililokuwa mbele yao lilikuwa Defender 110 ya miaka ya 1990. Mwenye gari alitaka iwekwe injini ya dizeli ya BMW aina ya M57, silinda 6, lita 3, pamoja na giaboksi yake ya otomatiki, vyote kutoka X5 iliyopata ajali. Sharti lake lilikuwa moja: transfa ya Land Rover ibaki. Sharti hilo lina mantiki. Transfa ya X5 husambaza nguvu mbele na nyuma, lakini haina gia nzito, ile ya kutambaa kwenye mawe na tope. Land Rover bila gia nzito ni gari refu la mjini.

Transfa hiyo inaitwa LT230, na iliingia kwenye Land Rover mwaka 1983. Namba 230 ni umbali, kwa milimita, kutoka katikati ya shafti inayoingiza nguvu hadi katikati ya ile inayozitoa. Haina mnyororo ndani. Ni gia tupu zinazoumana. Inaendesha magurudumu yote manne muda wote, ina difu yake ya kati inayoweza kufungwa kwa wenzo, na breki ya mkono hukaa mgongoni mwake. Giaboksi ya kuungwa nayo ni ZF 6HP26, iliyoonekana kwanza kwenye BMW 7 Series mwaka 2001. Ina gia 6 za mbele, na kompyuta yake imo ndani ya giaboksi yenyewe, imezama kwenye oili. Kati ya vyuma hivi viwili kuna miaka 18. Kimoja kilibuniwa kwa ajili ya mkono wa dereva na wenzo mrefu sakafuni. Kingine kilibuniwa kupokea amri kwa waya.

Kuviunga si uhuni. Kiwanda cha Land Rover chenyewe kiliunga otomatiki ya ZF ya gia 4, 4HP22, na LT230 kwenye Range Rover ya mwaka 1985. Afrika Kusini nayo ina historia yake: kati ya 1997 na 2001 kiwanda cha BMW cha Rosslyn, karibu na Pretoria, kilitoa Defender zenye injini ya petroli ya BMW ya lita 2.8. Na mwaka 2018, Defender ya zamani ikiwa imeshaacha kutengenezwa miaka miwili, Land Rover walitangaza toleo la kuadhimisha miaka 70 lenye injini ya V8 na giaboksi ya ZF ya gia 8. Tofauti ni kwamba kiwanda kina wachoraji, maabara na viwanja vya majaribio. Fundi wa mtaani ana meza, mashine ya kukerezea, na akili yake.

Faida ya kazi hiyo inahesabika. Gia ya kwanza ya 4HP22 ni 2.48. Gia nzito ya LT230 ni 3.32, na difu za Defender ni 3.54. Ukizidisha zote unapata takriban 29, yaani injini inazunguka mara 29 ili gurudumu lizunguke mara moja. Gia ya kwanza ya 6HP26 ni 4.17, na hesabu hiyohiyo inatoa 49. Injini ikiwa kwenye mzunguko wa 800 kwa dakika, gari lenye tairi za kawaida za 110 linatambaa kwa kama kilomita 2.4 kwa saa, polepole kuliko mtu anayetembea kwa miguu. Papo hapo gia ya sita ni 0.69, kwa hiyo barabara kuu inapita bila injini kulia. LT230 pia ina ukarimu ambao wengi hawaujui: gia zake nyepesi zinaweza kubadilishwa kutoka 1.41 ya Defender kwenda 1.22 ya Discovery, na ile nzito ya 3.32 ikabaki vilevile. Fundi alimshauri mwenye gari afanye hivyo, na ushauri huo peke yake ulionyesha kwamba alishaliona gari zima kabla ya kufungua bolti ya kwanza.

Baada ya hapo ndipo kazi yenyewe inaanza, na inaanza kwa kupima. Giaboksi iliyotoka kwenye X5 ina mgongo wenye matundu ya bolti ya kubebea transfa ya BMW. Transfa ya Land Rover ina matundu yake, yenye mpangilio mwingine kabisa. Kati yake inahitajika adapta: upande mmoja ukubali giaboksi, upande wa pili ukubali transfa, na shafti mbili zikutane ndani yake katika mstari mmoja. Mtu asiyejua hudhani shughuli ni kulinganisha matundu. Bolti hazijui katikati iko wapi. Kila bolti ina nafasi ndogo ndani ya tundu lake, na kazi yake ni kubana tu. Kinachoshika katikati ni ukingo wa duara uliokerezwa kwa usahihi, pamoja na pini mbili za chuma zisizo na nafasi hata kidogo.

Siku ya kupima hiyo katikati ndiyo niliyoipenda kuliko zote. Giaboksi ilisimamishwa wima, adapta ikafungwa juu yake kwa bolti zilizobanwa nusu. Geji ya saa ilifungwa kwenye shafti ya kutolea nguvu, kwa kuwa mguu wake una sumaku na sumaku haishiki aluminiamu. Ncha ya geji iligusa ukuta wa duara ndani ya adapta. Kijana wa Tanga akaizungusha shafti kwa mkono, taratibu, mzunguko mzima, huku mshale ukipanda na kushuka.

"Mzee, umetembea alama kumi."

"Kila alama ni ngapi?"

"Sehemu moja ya mia ya milimita. Kumi ni sehemu moja ya kumi."

"Basi tumekosea kiasi gani?"

Kijana alikaa kimya kidogo. "Nusu yake. Mia tano… hapana, tano ya mia."

"Kwa nini nusu?"

"Kwa sababu geji inahesabu pande zote mbili."

Fundi aliitikia kwa kichwa. Aligonga ubavu wa adapta kwa nyundo ya shaba, pigo ambalo halingevunja yai, kisha akaagiza shafti izungushwe tena. Alama saba. Akagonga tena. Nne. Akalegeza bolti moja, akabana nyingine, akagonga. Mbili. Hapo ndipo bolti zote zilipokazwa, mshale ukasomwa upya kuhakikisha kukaza hakujahamisha kitu, na matundu ya pini yakatobolewa na kusafishwa kwa rima adapta ikiwa palepale. Kuanzia saa hiyo adapta hiyo inaweza kutolewa na kurudishwa mara nyingi mtu apendavyo, na itarudi kwenye katikati ileile.

Uangalifu huo una sababu yake. Shafti iliyokosea mstari haipigi kelele siku ya kwanza. Inazunguka huku ikisukuma beringi upande mmoja, inakula ukingo wa sili, inasaga meno kidogo kidogo. Baada ya miezi kadhaa oili inaanza kudondoka na mwenye gari anabadilisha sili. Inadondoka tena, anabadilisha tena, na hakuna anayekumbuka kwamba ugonjwa ulizaliwa siku ya kufunga.

Hata aina ya madini ina hoja yake. Adapta ingeweza kukatwa kwenye bamba la chuma, na ingekuwa imara. Lakini maganda ya giaboksi na ya transfa ni ya aluminiamu, na aluminiamu ikipata joto hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Duara la milimita 150 likipanda joto kwa nyuzi 70 linakua kwa robo ya milimita hivi kama ni aluminiamu, na kwa nusu ya hapo kama ni chuma. Ukichanganya, katikati uliyoitafuta asubuhi nzima inalegea gari likichemka. Ndiyo sababu adapta ilikerezwa kutoka bonge la aluminiamu. Jimbo la KwaZulu-Natal linayajua madini hayo: huyeyushwa Richards Bay na kutandazwa kuwa mabamba kiwandani Pietermaritzburg, mwendo usiozidi saa moja na nusu kutoka gereji hiyo.

Shafti fupi ya kuunganisha ni habari nyingine. Meno ya giaboksi ya Kijerumani na meno ya transfa ya Kiingereza hayafanani kwa idadi wala kwa umbo. Njia ya mkato inajulikana: kata shafti mbili, zichomelee pamoja, zipake rangi. Fundi huyu haifanyi kazi hiyo kwa mtu yeyote. Uchomeleaji hulainisha chuma kilichokwisha kukomazwa kwa moto, na shafti hiyo ndiyo inayopitisha nguvu zote za gari. Yake ilitengenezwa kwa kipande kimoja cha chuma cha EN24, upande mmoja umekatwa meno ya ndani ya kumeza shafti ya giaboksi, upande wa pili meno ya nje ya kuingia kwenye gia ya transfa.

Likabaki swali la urefu. Shafti ikiwa fupi, meno yanaumana kwa ncha tu. Ikiwa ndefu, inagota mwisho na kusukuma beringi kila gari linapopata joto. Inatakiwa nafasi ya kama milimita 2, na mahali penyewe hapaonekani vyuma vikishafungwa. Fundi alichukua udongo laini wa kuchezea watoto, akabandika kidonge mwisho wa tundu, wakaiunga transfa yote na kukaza bolti, kisha wakaifungua. Kidonge kilikuwa kimekandamizwa kuwa chapa. Akakikata katikati kwa wembe, akaweka vania pembeni yake: milimita 2 nukta 1. Aliandika tarakimu hiyo kwenye daftari, akamfundisha kijana aandike pia tarehe na aina ya gari.

Kabla ya kufunga kwa mara ya mwisho aliichunguza gia ya kuingilia ya LT230 iliyokuwa kwenye gari. Ndani ya meno yake palikuwa na unga mwekundu, mkavu, laini. Hilo ni tatizo la zamani la transfa hizi: meno ya shafti yaliumana na gia bila oili kuyafikia, yakasagana hadi yakawa kutu na vumbi. Land Rover walikuja kulisahihisha kwa kuitoboa gia matundu ya pembeni ili oili ipenye hadi kwenye meno. Fundi aliitupa ile ya zamani akaweka yenye matundu. Kisha akageukia sili, kwa sababu oili hizo mbili hazitakiwi kukutana. Ya giaboksi ni nyepesi, na klachi za ndani hutegemea msuguano wake maalumu ili zishike. Ya transfa ni nzito na yenye dawa za kulinda gia. Nzito ikipenya kwenye giaboksi, klachi zinaanza kuteleza. Kwa hiyo katikati ya adapta kuna sili mbili zinazotazamana pande tofauti, na kati yake tundu dogo linalotoka nje chini. Sili moja ikishindwa, oili hudondoka sakafuni pale mwenye gari anapoiona, badala ya kwenda kuharibu upande wa pili. Mtu aliyewaza tundu hilo alikuwa akimfikiria fundi mwingine, wa miaka kumi ijayo, ambaye hatamjua.

Sehemu iliyobaki nitaipita kwa haraka, ingawa nayo ilichukua siku. Mkusanyiko mpya ulikuwa mrefu kuliko wa zamani, transfa ikarudi nyuma kidogo. Kiasi ilichorudi ndicho kilichopunguzwa kwenye propela ya nyuma na kuongezwa kwenye ya mbele. Kros, yaani kiungio cha ncha ya propela, ikifanya kazi ikiwa imepinda, propela haizunguki kwa kasi moja. Huongeza na kupunguza mwendo mara mbili katika kila mzunguko. Kros ya upande wa pili hufuta kasoro hiyo, mradi pembe zake zilingane na ncha za propela zielekee upande mmoja. Fundi alipima pembe hizo gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, kwa sababu gari lililoinuliwa kwa jeki linadanganya.

Kisha ikaja akili ya giaboksi. Kompyuta yake ilizoea kuzungumza na gari la BMW, na sasa gari hilo halipo. Fundi umeme aliweka kisanduku cha kati kinachoipa taarifa inazozitaka: mzunguko wa injini, kiasi cha mafuta kinachokanyagwa, breki. Jambo zito zaidi lilikuwa gia nzito. Kompyuta haioni transfa. Haijui kwamba dereva amevuta wenzo na gari limekuwa na nguvu mara mbili na zaidi. M57 ya X5 hutoa Nm 500. Zidisha kwa 4.17 na 3.32, unapata karibu Nm 6,900 zinazotoka kwenye transfa, wakati Defender ya injini ya 300Tdi yenye gia za mkono ilikuwa ikitoa takriban 3,200. Shafti za magurudumu hazikutengenezewa mzigo huo. Swichi ndogo iliwekwa kwenye wenzo wa transfa: gia nzito ikiingia, injini inaamriwa ipunguze nguvu na gia zibadilike kwa upole. Mwenye gari alinunua nguvu, na fundi akamwambia waziwazi ni wapi asizitumie zote. Huo nao ni ufundi.

Majaribio yalianzia mjini, yakapanda Field's Hill kati ya Pinetown na Kloof, na kuishia kwenye barabara ya Sani Pass, inayopanda hadi zaidi ya mita 2,800 kwenye mpaka wa Lesotho na ambayo askari wa mpakani huruhusu magari yanayoendeshwa na magurudumu yote manne tu. Kwenye kona zile kali gari lilipanda kwa gia nzito bila kusita, likashuka likiwa limeshikwa na injini. Waliporudi, kijana aliingia chini akapapasa lile tundu la chini ya adapta kwa kidole. Lilikuwa kavu.

Ufundi wa namna hii una heshima kwa watu waliotangulia. Anayeunga vyuma hivi analazimika kuelewa mhandisi wa Kiingereza alikusudia nini mwaka 1983 na wa Kijerumani alikusudia nini mwaka 2001, kisha atimize makusudio ya wote wawili bila kumvunjia yeyote kazi yake. Hawezi kufanya hivyo kwa kukisia wala kwa nguvu. Anafanya kwa kutafuta mstari mmoja na kukataa kuuacha, hata pale ambapo hakuna mteja atakayeona tofauti ya alama kumi na alama mbili.

Kwa hiyo ukiwa na gari la kuungwa hivi, iwe Durban, Arusha, Nairobi au Lubumbashi, muulize fundi mambo matatu kabla ya kuuliza bei. Katikati ataipataje? Meno ya shafti yatapata oili kutoka wapi? Gia nzito ikiingia, injini itajuaje? Asiye na majibu atakasirika. Mwenye majibu atavuta daftari na kukuonyesha. Huyo mwachie ufunguo, mpe muda anaoutaka, na umlipe bila kumpunguzia, maana sehemu kubwa ya kazi yake ni ile ambayo hutaiona kamwe.